Herufi za risasi

Simu yangu haijui Kiswahili. Nikiandika "sana" inaniwekea "Santa", mwaka mzima, hata mwezi wa sita. Nikiandika "nina" inadhani namtaja dada mmoja anaitwa Nina. Nimeshazoea, na najua na nyie mmeshazoea, maana kile kipindi chetu cha kusahau lugha kilipotoka, mlituma sauti nyingi na karibu zote zilisema kitu kilekile kwa maneno tofauti. Kiswahili ni cha nyumbani. Ni cha mama kwenye simu, cha kanisani, cha kugombezwa ukichelewa kurudi. Mambo ya shule, ya mashine, ya kazi, hayo yana Kiingereza chake. Mmoja wenu alisema Kiswahili chake "kinaishia mlangoni, pale tunapovulia viatu."

Hilo neno limenikaa kichwani miezi. Jibu langu ni refu kidogo na linapitia Penrith, kwa hiyo vumilieni.

Kwa ambao hamnijui: siku 3 kwa wiki mimi ni msaidizi wa lugha katika shule moja ya msingi hapa Doonside. Nakaa kando ya watoto waliofika juzijuzi, wengi wao wametoka Nyarugusu, ile kambi ya Kigoma iliyofunguliwa 1996 watu wa Kivu Kusini walipokuwa wanavuka ziwa kukimbia vita. Nawatafsiria mpaka siku wanaponiambia "dada, nimeelewa, acha." Siku hiyo ndiyo mshahara wenyewe. Wazazi wangu ni wa Fizi, mimi nimekulia hapahapa, mtaa wa pili kutoka stesheni. Kiswahili changu ni mchanganyiko: cha mama, cha watoto wa kambini walionifundisha misemo ya Kitanzania, na cha vitabu nilivyojilazimisha kusoma nikiwa mkubwa.

Muhula uliopita darasa la 5 lilikuwa linasoma habari za viwanda. Mvuke, makaa ya mawe, nani alitengeneza nini na watu wakaishije baadaye. Hapa Sydney ukisema historia ya viwanda, walimu wengi wanafikiria Powerhouse ya Ultimo na ile injini ya Boulton na Watt, iliyotengenezwa 1785 kwa kiwanda cha bia cha Whitbread kule London, ikafanya kazi miaka 102 ndipo ikaletwa huku. Ni kitu cha ajabu kweli, nendeni mkiweza. Lakini jengo la Ultimo lilifungwa kwa ukarabati 2024, na mwalimu wetu alitaka kitu ambacho watoto watakishika, si cha kutazama tu. Akachagua Penrith Museum of Printing, jumba dogo la mashine za kupigia chapa, liko kwenye viwanja vya maonyesho pale karibu na uwanja wa Panthers. Kutoka Doonside ni treni moja tu: Rooty Hill, Mount Druitt, St Marys, Werrington, Kingswood, umefika. Hakuna hata kubadilisha.

Watoto walikuwa hawana hamu, nisiwadanganye. Mmoja aliuliza kama kuna intaneti. Mwingine akasema printa iko maktabani, kwa nini twende kuangalia printa?

Halafu mlango ukafunguliwa na wakanyamaza, kwa sababu ya harufu. Mafuta ya mashine, wino, karatasi ya zamani, na kitu kingine cha motomoto kama pasi iliyosahaulika kwenye nguo. Pale kuna mashine zilizotumika na gazeti la mji huo, Nepean Times, lililotoka kuanzia 1882 mpaka 1962, na wanaoziendesha ni wazee waliostaafu kazi hiyohiyo. Mashine zinafanya kazi. Yaani mzee anavuta mkono wa chuma, gurudumu linazunguka, sakafu inatetemeka chini ya viatu vyako, na karatasi inatoka upande wa pili ikiwa na maneno.

Hebu niwaeleze kazi yenyewe, maana bila hiyo mengine hayataeleweka. Kabla ya kompyuta, kila herufi ilikuwa kitu. Kipande kidogo cha madini, kirefu kama kucha ya kidole gumba, na juu yake herufi imechongoka ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo. Herufi hizo zinakaa kwenye sanduku pana la mbao lililogawanywa vyumba vidogovidogo, kila herufi na chumba chake. Mpanga herufi anasimama mbele ya sanduku, mkono wa kushoto ameshika kisahani cha chuma chenye kingo, mkono wa kulia unachukua herufi mojamoja na kuipanga. Neno likiisha anaweka kipande kitupu kifupi, hiyo ndiyo nafasi. Mstari ukijaa anaukaza. Ukurasa ukijaa unafungwa kwenye fremu, unapakwa wino, unagandamizwa na karatasi. Kazi ikiisha, kila herufi inarudishwa chumbani kwake kwa mkono. Kila moja!

Zamani masanduku yalikuwa mawili, moja juu ya jingine. Herufi kubwa zilikaa sanduku la juu, ndogo la chini, na ndiyo maana mpaka leo Waingereza wanaziita herufi za sanduku la juu na za sanduku la chini. Watoto wote walijua maneno hayo ya Kiingereza, wanayatumia kila siku kuweka nywila. Hakuna aliyejua kwamba yanatoka kwenye sanduku la kweli. Hata mimi nilikuwa sijui.

Sasa sikilizeni jambo nililoliona kwa macho yangu. Mpanga herufi anasoma kinyume. Maandishi kwenye kisahani yako kichwa chini, unayasoma kutoka kushoto kwenda kulia lakini yamepinduka, na b inafanana na p, na d inafanana na q, na n na u usiniulize. Watoto 20 na kitu wakainama juu ya visahani vyao na ghafla hakuna aliyejua kusoma. Yule kijana anayemaliza vitabu vinene kwa siku 2 alikuwa anahema. Na msichana wangu, nitamwita "msichana wangu" kwa sababu ndiye niliyekuja kwa ajili yake, aliyefika Australia miezi 7 kabla na ambaye kila siku darasani anakuwa wa mwisho kumaliza sentensi, alikuwa sawa na wote. Hapana, aliwazidi. Yeye hajawahi kuitegemea ile kasi ya kutupa jicho na kuelewa. Amezoea kuangalia kila herufi kama kitu kigeni. Mzee aliyekuwa anamsimamia alinitazama akainua nyusi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mtoto huyu alisubiri wenzake.

Walimu, kama kuna mnaosoma hapa: jaza fomu zenu mnavyotaka kuhusu "malengo ya somo." Mimi nilichokiona ni kwamba darasa zima liligeuzwa kichwa chini na mtoto mmoja akajikuta amesimama wima.

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na jambo jingine.

Mwanzoni kabisa mzee aliwagawia kila mtoto herufi moja kiganjani, wasikie uzito. Akaeleza ni madini gani: risasi zaidi, na bati, na antimoni ya kuifanya iwe ngumu. Akasema pia kwamba wakimaliza lazima wanawe mikono na wasitie vidole mdomoni. Mimi kazi yangu ni kutafsiri, nikatafsiri. "Hii ni risasi," nikamwambia msichana wangu, na nikamwekea herufi mkononi.

Akarudisha mkono nyuma ya mgongo. Herufi ikabaki kwangu.

Wale mliozaliwa hapa labda mnaijua hilo neno kutoka kwenye nyimbo tu. Yeye analijua kwa wazazi wake, na wazazi wake wanalijua kwa sababu zao. Risasi ni kile kitu. Kwenye Kiswahili cha kila siku hatuna neno la pili la haya madini. Nilikuwa nimesema neno sahihi, la kamusi, na ndilo lililomfanya apige hatua nyuma. Unaona jinsi lugha ilivyo? Kwa Kiingereza watoto wengine 20 walipewa madini. Kwa Kiswahili mtoto mmoja alipewa kitu kilichokimbiza familia yake kuvuka ziwa Tanganyika.

Nikachuchumaa. Nikamwambia madini ndiyo ya kwanza kuitwa hivyo. Neno limetoka kwa Waarabu, na wao pia ni vilevile, jina la madini ndilo likaenda kwenye kitu cha bunduki, kwa sababu kilitengenezwa kwa madini haya. Risasi ilikuwepo kabla ya bunduki. Kuna risasi za bomba, kuna risasi za wavuvi, zile za kuzamisha nyavu. Hapo akanitazama vizuri. "Babu alikuwa na nyavu," akasema.

Akachukua herufi. Ilikuwa m ndogo. Akaigeuzageuza, akauliza, "Ukiichoma inakuwa ile nyingine?"

Nikamtafsiria mzee swali. Kwanza alitaka kucheka, halafu akaelewa kinachoulizwa, akaacha. Akasema ndiyo, inayeyuka kwa moto usio mkali sana, na inaweza kuwa chochote. Akatupeleka kwenye Linotype, ile mashine kubwa yenye kibodi upande wa mbele na chungu cha madini yaliyoyeyuka upande wa nyuma. Mashine hii ilianza kazi kwenye gazeti moja la New York 1886 na ikageuza magazeti duniani kote. Unapiga kibodi, vijibao vya shaba vinashuka kwa sauti kama shanga zinazomwagika kwenye sinia, vinajipanga, madini ya moto yanamiminwa juu yake, na mstari mzima unatoka ukiwa kipande kimoja, wa moto, unang'aa. Gazeti likishachapwa, mistari yote inarudishwa chunguni inayeyushwa tena. Habari za jumatatu ndiyo madini ya jumanne. Msichana wangu alisimama pale muda mrefu kuliko mashine nyingine yoyote. Aliguswa na mstari uliopoa, akaushika kwa ncha za vidole, safari hii bila mimi kumwambia.

Basi tukafika kwenye kazi ya mikono. Kila mtoto apange sentensi moja fupi, yoyote. Wengine wakaandika majina yao, wengine timu zao (Panthers, Panthers, Panthers). Msichana wangu akaniuliza kwa sauti ya chini kama lazima iwe Kiingereza. Nikauliza. Mzee akasema sanduku haliulizi.

Akaandika kwanza kwa penseli: Kaka yangu anakaa karibu na kanisa kubwa.

Hapo ndipo mimi mwenyewe nilipopata somo langu, na ndilo lililonifanya niandike haya. Nilisimama nyuma yake nikiangalia mkono wake unavyotembea juu ya sanduku. Kwenye sanduku la Kiingereza vyumba havilingani. Chumba cha e ni kikubwa kuliko vyote na kiko katikati, pale mkono unapofika bila kufikiri, kwa sababu e ndiyo inayotumika zaidi kwa Kiingereza. k iko kwenye kijichumba kidogo, kwenye kundi la herufi za nadra. Na mkono wa mtoto ulikuwa unaenda a, k, a, a, k, n, a, unarukaruka kwenda kule pembeni na kurudi. Chumba kikubwa cha katikati hakuhitaji kabisa. Ihesabuni ile sentensi wenyewe. Ina herufi 34. Kati ya hizo a ni 12. K ni 6, pamoja na ile kubwa ya mwanzo. Na e? Hakuna hata moja. t hakuna, o hakuna.

Kuna orodha maarufu ya karne ya 19 inayotajwa kila wanapozungumzia alfabeti ya Morse. Inasimuliwa kwamba Alfred Vail, mshirika wa Morse, alipotaka kujua herufi gani za Kiingereza zinatumika zaidi, hakuhesabu kitabu, alienda kwenye kiwanda cha gazeti akahesabu herufi zilizomo kwenye masanduku. Ujanja mtupu. Kwenye orodha hiyo e ni 12,000, a ni 8,000, k ni 800, z ni 200. Kwa hiyo e ikapewa nukta moja tu, alama fupi kuliko zote. Sasa chukua sanduku lenye hesabu hiyo uichape sentensi ya msichana wangu tena na tena. Ukitoa ile K kubwa, kila sentensi inakula k ndogo 5. Ukifika mara 160, k zimekwisha. Kazi imesimama. Na wakati huo zile e 12,000 ziko palepale, hazijaguswa.

Kibodi ya Linotype nayo imepangwa kwa mtindo huohuo. Safu ya kwanza kutoka kushoto, kwenda chini, ni e t a o i n, ya pili s h r d l u. k imetupwa safu ya nne, pamoja na q na j. Pamoja na q! Herufi ambayo sisi hata hatuna.

Kwa hiyo simu yangu na Santa wake si jambo jipya. Ni sanduku lilelile. Mtu alikaa chini akahesabu lugha yake, akatengeneza chombo kinachoifaa lugha yake, na kila lugha nyingine inayoingia humo inapaswa kunyoosha mkono kufika pembeni. Hakuna ubaya wowote katika kuhesabu. Ninachosema ni kwamba mashine zina lugha, na wengi wetu tunapohisi Kiswahili chetu "hakifai" kwa mambo ya mashine, tunachohisi ni ukubwa wa vyumba vya sanduku la mtu mwingine.

Usiku ule nikataka kujua: nani aliishiwa k kwanza? Nani alikuwa wa kwanza kusimama mbele ya sanduku na kupanga Kiswahili?

Nikajikuta Unguja. Mwaka 1864 alifika huko Edward Steere, padri Mwingereza wa misheni ya UMCA, baadaye akawa askofu. Alikuja na ujuzi wa kupiga chapa, na 1865 tayari alikuwa amechapa hapohapo Unguja kijitabu chake cha kwanza cha kujifunzia Kiswahili. Kitabu chake kikubwa cha lugha kilitoka London 1870. Jina lake liko kwenye kila historia ya lugha yetu. Lakini waliojifunza kazi ile ya mtambo na kuifanya ni vijana, wengi wao watoto waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa yaliyokamatwa na manowari za Waingereza na kukabidhiwa misheni. Watoto wa Kiyao, Kinyasa, wa kila upande wa bara, ambao Kiswahili hakikuwa lugha ya mama zao. Walijifunza Kiswahili na walijifunza kukipanga kwa madini, karibu kwa wakati mmoja.

Sipendi kupamba hili. Hawakuchagua kwenda pale. Walichokichapa kilikuwa sala na tafsiri za Biblia, mambo ya misheni. Kwenye jalada limeandikwa jina la askofu. Lakini fikirieni mikono. Kabla profesa yeyote hajaandika kwamba Kiswahili kina a nyingi, kulikuwa na mtoto mwenye umri wa msichana wangu anayelijua hilo kwa vidole. Mwaka 1888 shule ya misheni hiyo kule Kiungani ikaanza kutoa gazeti, Msimulizi, na waandishi wake walikuwa wanafunzi na waliosoma pale. Ni moja ya magazeti ya kwanza kabisa ya Kiswahili, na lilitoka shuleni!

Na Tanga vilevile. Wajerumani walikuwa na shule ya serikali pale, yenye mafunzo ya kazi za mikono, na kiwanda cha chapa kikiwa ndani yake. Kutoka hapo, tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20 mpaka 1916 vita ilipowafikia, likatoka gazeti la Kiongozi. Walimu na makarani wa sehemu mbalimbali za nchi walituma barua, habari na mashairi, na vijana wa Tanga wakayapanga herufi kwa herufi. Kwa hiyo mtoto wa shule mbele ya sanduku la herufi, akipanga Kiswahili, si kioja cha Penrith. Ni jambo la zaidi ya miaka 100. Lugha hii ilikuwa na mafuta ya mashine kwenye vidole kabla babu zetu hawajazaliwa. Aliyesema inaishia mlangoni, namjibu kwa heshima zote: ilikuwa kiwandani muda mrefu kabla haijafika kwenye huo mlango wako wa Blacktown.

Nirudi kwa watoto, maana kuna kitu walikisema kwenye treni ya kurudi ambacho fomu ya tathmini haikuwa na nafasi yake. Mwalimu aliwauliza wazee wale kwa nini hawafanyi tena kazi ile, na mzee mmoja alieleza kwamba miaka ya 1970 kompyuta zilianza kupanga herufi, na kazi waliyojifunza kwa miaka ikawa haina mtu wa kuitaka. Mwishoni mwa 1976 wapiga chapa wa Fairfax, wanaotoa Sydney Morning Herald, waligoma kwa ajili ya hilohilo. Kompyuta zikaja tu. Mzee hakulalamika. Alisema kama mtu anayesimulia hali ya hewa.

Kwenye treni kijana mmoja akasema, kama anajisemea, kwamba mama yake kazini wameletewa roboti za kubeba maboksi. Mama yake anafanya kazi usiku kwenye maghala ya Eastern Creek, kama mama wa nusu ya hilo darasa. Mwingine akasema hata kwa baba yake. Wakaanza kuulizana mama zao watafanya nini. Watoto wa miaka 10, kati ya Mount Druitt na Rooty Hill. Nilikaa kimya kwa sababu sina jibu na kwa sababu hawakuniuliza mimi. Ila niliwaza kwamba hawa ndio waliokuwa wanadaiwa "kuunganisha historia ya viwanda na maisha yao", na wameiunganisha kabla ya kufika nyumbani, wakiwa na wino kwenye kucha.

Msichana wangu hakuwa kwenye mazungumzo hayo. Alikuwa ameshika karatasi yake kwa mikono miwili isipindike. Ukipitisha kidole nyuma ya karatasi unasikia mistari, kwa sababu mtambo wa zamani haupaki wino tu, unauma. Nikamuuliza, kwa kuzungumza tu, kanisa gani hilo kubwa, ni lile la pale Blacktown?

Akasema hapana. Kaka yake yuko Nyarugusu. Karatasi zake hazikukamilika wakati wao wanaondoka, akabaki na shangazi. Nyumba yao iko karibu na kanisa kubwa, ukishuka kidogo.

Yaani mimi nilikuwa nimehesabu a na k za ile sentensi.

Wiki iliyofuata mama yake alinikuta getini. Si mtu wa maneno mengi. Aliniambia walimpigia kaka picha ya karatasi wakamtumia kwa WhatsApp, na yeye akajibu kwa sauti, anauliza ni duka gani wamelipia kuandikiwa. Walipomwambia ni mdogo wake mwenyewe kapanga, herufi moja moja, za risasi, hakuamini, akataka wampigie video aulizwe maswali. Sasa anasema picha haitoshi, anataka karatasi yenyewe. Kuna jirani anasafiri kwenda Kigoma mwezi wa 12 kumzika… samahani, kumalizia matanga ya mama yake, na amekubali kuibeba. Kwa sasa iko kwenye bahasha, ndani ya Biblia ya mama, ili isipate mkunjo. Mama aliniuliza kama wino wa namna ile unafutika ukipata maji, maana Desemba kule ni mvua. Nilipiga simu Penrith kuuliza. Mzee akasema haufutiki.